Kifuniko cha Pipa la Hamsini na Nane

Kwanza niseme wazi: Fachtna Lehane na mimi hatukuwa tunapatana. Si ugomvi wa ngumi wala wa kunyimana salamu, la hasha. Tulikuwa tunazozana kama ndugu wanaogombea kiti cha karibu na moto, kila siku ya kazi, miaka thelathini na ushee, na siku akikosa kunichokoza nilidhani anaumwa. Yeye alikuwa fundi mapipa. Mimi nilikuwa mchanganyaji, yaani mimi ndiye niliyeamua wiski ya pipa gani iingie kwenye chupa na ya pipa gani ingoje. Yeye akisema wiski ni pipa. Mimi nikisema wiski ni pua.

"We Concepta," alikuwa ananiambia, "hiyo pua yako hata ukiiacha nyumbani, kiwanda kitaendelea tu."

"Na hiyo nyundo yako ikiibiwa," namjibu, "mji mzima wa Cork utapata usingizi."

Maana Fachtna alikuwa mtu wa kelele. Sikio lake la kushoto lilishakufa kwa kugonga pete za chuma tangu ana miaka kumi na sita, na la kulia lilikuwa linaelekea hukohuko, kwa hiyo alizungumza kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. Akikunong'oneza siri, majirani wanaijua. Kanisani aliimba nusu mstari nyuma ya wengine, na padri alikwisha kuzoea kumsubiri amalize. Lakini mikono yake, jamani! Ungempa pipa lililosambaratika, mbavu zake za mbao thelathini na moja zimelala chini kama kuni, angelisimamisha tena kwa mikono na goti, bila gundi, bila msumari hata mmoja, kisha aliviringishe uani likinguruma, na lisivuje tone.

Kulikuwa na jambo moja la ajabu kwake. Hakunywa. Fundi wa mapipa ya wiski, mtoto na mjukuu wa mafundi wa mapipa ya wiski, alivaa kwenye koti ile beji ndogo ya Moyo Mtakatifu ya watu walioapa kutoonja pombe, na kwenye baa aliagiza chai. Tulimcheka mpaka tukachoka.

Sasa, karakana ya mapipa ina ukuta mmoja wa mbao, ule unaotazama mlango. Humo yamechomwa majina kwa chuma cha moto, ya mafundi waliomaliza kazi yao hapa kwa heshima. La babu yake Fachtna lipo. La baba yake, Cornelius, lipo chini yake. Halafu kuna nafasi tupu, upana wa kiganja, imeachwa makusudi, na kila mtu alijua inamsubiri nani. Fachtna alifanya kazi miaka arobaini na mmoja mbele ya nafasi ile. Hakutaka cheo, hakutaka nyumba kubwa. Alitaka jina lake likae pale, chini ya la baba yake, basi.

Lakini jina halichomwi hivihivi. Siku mwanagenzi anapomaliza mafunzo, fundi mkuu humchagulia mbao yeye mwenyewe, huzitia alama ya chaki moja moja, na kumkabidhi. Kwa mbao hizo, si nyingine, mwanagenzi hujenga pipa lake la kwanza. Kabla halijafunikwa, wenzake humtumbukiza humo ndani, humwagia masizi, unga, bia nyeusi na sijui takataka gani, kisha humviringisha uani mara tatu mpaka hajui juu ni wapi. Akitoka ameshakuwa fundi. Pipa linaoshwa, analifunika mwenyewe, linajazwa wiski mbichi na kupelekwa ghalani. Ni marufuku kwa mtu yeyote kulifungua mpaka siku fundi huyo anapostaafu. Siku hiyo anaulizwa maswali matatu mbele ya watu, pipa linafunguliwa, kila mtu anaonja, na jina linachomwa ukutani.

Pipa la Fachtna lilikuwa namba hamsini na nane. Lilijazwa mwezi wa Mei, mwaka 1975.

Na sasa acha nitubu, maana bila dhambi yangu hamtaelewa kitu.

Mwaka 1994 nilikuwa napita ghalani kukagua, kama kawaida yangu, nikaona pete moja ya pipa la hamsini na nane imeshika kutu na ubao umeloa kidogo. Pipa linalovuja ni kazi yangu. Ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba niliinama, nikanusa ule unyevu, na pua yangu ikasimama wima. Pipa lile lilikuwa la mbao za Kimarekani zilizowahi kubeba wiski ya mahindi ya kwao, ndani zimechomwa mpaka makaa. Mapipa ya namna hiyo nayajua nikiwa usingizini: vanila, asali, harufu ya ubao uliotoka kupigwa msumeno. Hapa nilinusa zabibu kavu. Nikanusa lozi. Nikanusa ganda la chungwa.

Nilitazama kushoto, nikatazama kulia. Nikang'oa kizibo, nikashusha mrija wangu, nikavuta kikombe.

Yesu na Maria!

Niwaambie kitu kuhusu wiski. Ikitoka kwenye chungu cha shaba ni maji makali yasiyo na rangi, hayana adabu, yanakukwangua koo. Adabu inafundishwa na ubao. Joto la Julai huisukuma wiski iingie ndani ya ubao, baridi ya Januari huivuta itoke, na kila ikitoka hairudi mikono mitupu. Yale makaa ya ndani hunyonya ukali. Miaka inavyokwenda, sehemu yake hupotelea hewani, na sisi tunasema hilo ni fungu la malaika. Malaika wa Cork hawana haya hata kidogo, wanakunywa mpaka nusu ya pipa. Lakini kilichobaki kwenye lile la hamsini na nane kilinifanya nikae chini, juu ya sakafu ya udongo, na sketi yangu ya kazini. Shayiri yetu ilikuwa inasikika, vanila ilikuwepo, halafu nyuma kabisa, pole pole, ikaja ile zabibu. Nilirudisha kizibo, nikafuta midomo, nikatoka kama mwizi. Nilikuwa mwizi.

Tangu siku ile sikutulia. Nilitaka ladha ile iwe kwenye wiski yetu ya lebo ya kijani, ile ya mchanganyiko, inayonywewa na kila mtu hapa kuanzia mwuza samaki hadi daktari. Tulikuwa na mapipa makubwa ya mvinyo mtamu wa Kihispania, na zabibu kavu zimo humo tele. Nikachanganya wiski ya mapipa ya Kimarekani na ya mapipa ya Kihispania. Wapi! Zikawa zinapigiana kelele. Nikatia kidogo, nikatia kidogo zaidi, bado. Nikaanza kupanga mitungi dirishani, nikitumbukiza vipande vya ubao wa Kihispania kwenye wiski ya pipa la Kimarekani ingali mbichi, ili vikue pamoja. Miaka miwili nilikuwa nanusa mitungi. Kisha asubuhi moja, mtungi wa nne kutoka kushoto, ndiyo hii! Nilipima ule ubao, nikapiga hesabu kwa pipa zima. Ulitosha kifuniko kimoja tu.

Mtaniuliza: mama wewe, hukufikiri kwamba labda pipa la hamsini na nane nalo lina kifuniko kama hicho? Sikufikiri. Thubutu! Mbao za pipa la kwanza zinatiwa chaki na fundi mkuu. Ni kama kufikiri padri anatia soda kwenye kikombe cha misa. Nilidhani ni ile kona ya ghala, upepo wa baharini, bahati. Na kumwuliza Fachtna nisingeweza, kwa sababu angeuliza nimeyajuaje ya ndani ya pipa lake.

Basi mwaka 1996 nikampelekea karatasi ya oda.

"Mapipa kumi na mawili ya Kimarekani," nikamwambia. "Kila moja ulitoe kifuniko kimoja, uweke cha mbao ya Kihispania."

Nyundo ikasimama hewani. "Nani amekwambia?"

"Nani ameniambia nini?"

"Kwa nini kifuniko?"

"Kwa sababu nimesema kifuniko. Ningesema mguu ungeweka mguu?"

Uso ulimsawijika. Nilingoja tusi lake, halikuja. Alichukua karatasi, akageuka, akafanya kazi ile kwa wiki mbili bila kunichokoza hata mara moja, na ilikuwa kazi safi ajabu. Mwaka uliofuata vilevile. Na uliofuata. Kila Oktoba nikileta karatasi yangu, Fachtna anageuka bubu. Nikajisemea: ana kijicho huyu, anaona nimevumbua kitu yeye hakukifikiria. Mafundi wengine wakayaita yale mapipa ya Concepta, na mimi nikawa nayatia herufi C kwa chaki, kubwa, ya madaha. Nisiwafiche, nilikuwa napita karakanani wakati mwingine kuitazama tu ile C.

Mapipa ya kwanza yalipokomaa na kuingia kwenye mchanganyiko, yakiwa machache kati ya mengi kama chumvi kwenye viazi, lebo ya kijani ikawa kitu kingine. Mwaka 2008 ikapewa tuzo kubwa. Sahihi yangu ikawekwa kwenye kila chupa. Mwandishi wa gazeti akaniuliza wazo lile lilitoka wapi, nikamjibu, nikiwa nimekunja mikono, "Lilinijia tu." Fachtna alikuja kunipongeza kwa kuniambia kwamba picha yangu gazetini imetoka nzuri kuliko mimi.

Oktoba 2016 ilikuwa zamu yake kustaafu. Wiki moja kabla, alikuja chumbani kwangu na kufunga mlango, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Concepta, mtu akistaafu na pipa lake lisifunguliwe, itakuwaje?"

"Yule mzee Mossie na maswali yake matatu atakufungua wewe."

Hakucheka. Akasimama pale anaizungusha kofia yake mkononi, kisha akaondoka. Siku ile ile nikakutana na mkewe, Dympna, kwa mwuza nyama. "Hali chakula," akaniambia, "hapati usingizi. Anasema jina la baba yake linamkazia macho. Wewe unajua ana nini?" Nikasema sijui, na kweli nilikuwa sijui, na niliogopa, nikidhani amegundua kikombe changu cha mwaka 1994.

Ijumaa ikafika. Mchana wa saa nane, jua la Oktoba limeingia hadi katikati ya karakana. Dympna ameleta mkate wa magadi bado wa moto, nyama ya paja la nguruwe na pai tatu za tufaha. Chuma cha kuchomea kipo motoni, kinaanza kuiva. Wafanyakazi wote wamekuja, na mbele kabisa, kwenye kiti chenye mto, ameketi Mossie Crotty, fundi mkuu wa zamani, miaka themanini na minne. Yeye ndiye aliyemchagulia Fachtna mbao mwaka 1975, na yeye ndiye mwenye kuuliza maswali. Mtu wa sheria huyu hata ukimkuta kaburini. Nasema kweli: aliwahi kusimamisha mazishi ya binamu yake kwa sababu ubao wa jeneza haukukaa sawa, akautengeneza palepale, mjane anangoja.

Pipa la hamsini na nane likaviringishwa ndani, watu wakalipigia makofi. Mossie akaligonga kwa fimbo, akatega sikio, akaridhika.

"Fachtna Lehane. Pipa hili ni la mikono ya nani?"

"Yangu."

"Limewahi kuongezwa wiski nyingine?"

"Halijawahi."

"Mbao zake ni zile nilizokupa?"

Fachtna akakitazama kifuniko. Nyuma mtu alicheka kidogo, akidhani Fachtna hakusikia. Mossie akapaza sauti: "Nasema, mbao ni zile nilizokupa?"

"Nimesikia, Mossie." Akavua kofia. "Mbavu, ndiyo. Kifuniko cha chini, ndiyo. Cha juu, hapana."

Akakigusa kile cha juu kwa kidole.

"Siku ile mliniviringisha mara nne badala ya tatu. Sijui nani aliongeza ya nne."

"Mimi," akasema Mossie, bila aibu.

"Ahsante. Kichwa kilikuwa kinazunguka, bia imeniingia mpaka puani. Ninyi mkaenda baa, mkaniacha nifunike. Nikapiga pete ya juu, nyundo ikateleza, ikaangukia kifuniko. Kikapasuka katikati. Pale pembeni ya moto palikuwa na pipa bovu la Kihispania limevunjwa liwe kuni. Nikachukua mbao zake, nikaranda, nikakata duara, nikatia matete kwenye viungo pasivuje, nikapaka chokaa juu mbao zisijulikane. Mkarudi mkanipiga mgongoni, mkasema mwana wa Cornelius huyo! Toka siku ile sijatia pombe mdomoni."

"Ebo!" Dympna akaruka. "Miaka yote hii umeniambia ni kwa ajili ya Moyo Mtakatifu!"

"Na ndiyo, na kwa ajili yake pia," Fachtna akasema, kisha akanigeukia na kuninyooshea kidole. "Na huyu hapa! Huyu alijua! Sijui alijuaje, lakini tangu mwaka 1996 ananiletea karatasi yake: vifuniko vya Kihispania, Fachtna, kumi na viwili! Ananikumbushia dhambi yangu kwa dazani! Miaka ishirini! Haya, Concepta, nimesema mwenyewe mbele ya watu. Umeridhika sasa?"

Watu wote wakanitazama. Mimi nilikuwa nimekaa na kipande cha pai mkononi, na akili yangu inapanda ngazi moja moja. Zabibu kavu. Lozi. Ganda la chungwa. Mtungi wa nne kutoka kushoto. Kifuniko kimoja.

"Mjinga wewe," nikasema. Nikaiweka pai chini. "Mjinga mkubwa wewe, Fachtna Lehane! Miaka ishirini nimejiita mvumbuzi!"

"Unasemaje?"

"Nasema sikujua kitu! Nilionja! Mwaka 1994, pipa lako, nilifungua kizibo nikavuta kikombe, na sijawahi kuonja kitu kizuri kama kile maishani mwangu. Nikatafuta miaka miwili namna ya kuiga. Zile oda zangu, yale mapipa, ile tuzo, yote hayo ni pipa lako! Nilikuwa naiga kosa lako, na sikujua ni kosa, na wala sikujua ni lako!"

Hapo ndipo zogo lilipolipuka. Wengine wanacheka, wengine wanauliza amesema nini, Dympna amejishika kiuno. Mossie akagonga fimbo sakafuni.

"Ulifungua pipa la kwanza la mtu kabla ya siku yake?"

"Nilifungua, Mossie. Nipeleke kwa askofu."

"Ningekuwa na miguu ningekupeleka." Akapumua kwa kishindo, akamgeukia Fachtna, na uso wake haukuwa na mzaha. "Mwanangu, unajua nitakalosema."

"Najua."

"Mbao ni zile zilizotolewa, au jina halipandi. Nilimnyima Batty Coughlan, naye alikuwa shemeji yangu. Ukutani hapana."

Fachtna akaitikia kwa kichwa. Alitazama ile nafasi tupu chini ya jina la baba yake, akavaa kofia yake vizuri. Mimi nimewahi kugombana na mtu yule mara elfu, na sikuwahi kutaka kulia mbele yake mpaka dakika ile. Nilikasirika. Nilikasirika na Mossie, na sheria, na mimi mwenyewe na sahihi yangu yenye mikia.

"Basi hata kuonja hatuonji?" nikafoka. "Leteni glasi!"

Nikavuta mwenyewe, kwa mrija uleule wa mwaka 1994. Ilikuwa imeiva rangi ya chai nzito. Ya kwanza nikampa Fachtna. Aliitazama. Kisha akaichomoa ile beji kwenye koti, akamkabidhi mkewe.

"Nilijiapia mpaka siku nitakayosema ukweli," akasema. "Nimesema."

Akanywa. Akakohoa mpaka macho yakamtoka machozi, Dympna akampiga mgongoni. Tukangoja. Akalamba midomo, akakunja uso, akakunjua.

"Zabibu kavu," akasema, kwa mshangao mtupu.

"Zabibu kavu," nikamwambia.

"Siku zote iko hivi?"

"Tangu ulipokosea."

Akaanza kucheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka Oktoba hata moja kwa miaka ishirini, na alicheka kama anavyozungumza, mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Aliomba nyingine. Dympna akasema moja inatosha kwa mtu anayeanza, akampa nusu.

Glasi ikamfikia Mossie. Sasa, Mossie Crotty anakunywa lebo ya kijani kila siku baada ya chai ya jioni, kidogo tu, anasema ni kwa ajili ya magoti. Alinusa. Akanywa. Akanywa tena. Akanikazia macho.

"Hii ni lebo ya kijani."

"Si lebo ya kijani, Mossie. Huyu ndiye mama yake."

Akaiweka glasi juu ya goti. "Kwa hiyo kile nilichokuwa nakinywa," akasema taratibu, "ndicho nilichokikataa sasa hivi."

"Ndicho hicho."

"Na magoti yangu yamepata nafuu."

Watu wakavunjika mbavu, lakini yeye hakucheka. Alikuwa anatazama kona ya karakana. Pale yalikuwa yamesimama mapipa kumi na mawili, oda yangu ya mwaka ule, ya mwisho Fachtna kuitengeneza, kila moja na kifuniko chake cha Kihispania kinatazama juu, na kila kifuniko kina C yangu kubwa ya chaki.

"Ukuta una sheria," Mossie akasema. "Sitaigusa. Lakini sheria ya ukuta ni ya ukuta. Mapipa hayana sheria ya jina." Akanyoosha fimbo. "Yale yana jina la nani?"

Nilijua anachouliza, na watu wote walijua. Nisijifanye mtakatifu: nilisita. Niliipenda ile C. Kisha nikamtazama Fachtna, ambaye hakuwa amesikia vizuri na alikuwa anamwuliza Dympna "Amesemaje? Amesemaje?", nikaweka glasi yangu chini, nikaenda kwenye ile kona. Nikafuta kwa mkono wa sweta yangu ya Jumapili. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Vumbi la chaki lilinijaa puani, mimi niliyeitunza pua ile miaka yote. Nikafuta mpaka ya kumi na mbili.

"Hayana jina," nikasema.

Mossie akaagiza chuma kitolewe motoni. Alitaka kuchoma mwenyewe, lakini miguu haikumwinua kitini, akampa Fachtna. "Fanya polepole," akamwambia. "Na usiteleze, tafadhali."

Fachtna akachoma. Herufi moja baada ya nyingine, moshi unapanda, ubao wa Kihispania unatoa harufu yake ya mvinyo na sukari iliyoungua. LEHANE. Akahamia la pili. Watu waliacha kula pai wakasogea karibu. Akaendelea hivyo mpaka la kumi na mbili.

Alipomaliza, akakirudisha chuma motoni, akapangusa mikono kwenye aproni. Akavuka karakana mpaka kwenye ukuta, akasimama mbele ya jina la baba yake, akaliegemea kwa paji la uso. Sisi tukajifanya tunakata mkate. Alitaka liwe jambo la siri baina yao wawili, maskini, na alinong'ona kwa namna anayojua yeye kunong'ona, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.

"Baba," akasema. "Kumi na mawili."